Yaliyosahaulika au Yaliyopuuzwa?

Kundi moja la magonjwa lina majina matatu katika Kiswahili. Wengine huyaita magonjwa yaliyosahaulika, wengine yaliyopuuzwa. Wizara ya Afya ya Tanzania imechagua jina refu zaidi: magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Humo yamo matende, kichocho, usubi, trakoma na malale.

Kusahaulika ni kauli ya kutendeka, na kauli hiyo haimtaji mtenda. Kikombe kimevunjika, hakuna wa kuulizwa. Kupuuzwa ni kauli ya kutendwa, nayo huita swali papo hapo: na nani? Mimi nachagua kupuuzwa, na malale ndiyo hoja yangu.

Vimelea vinavyoletwa na mbung'o vikifika kwenye ubongo, mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, akili humvurugika, na asipotibiwa hufa. Kwa miongo mingi, dawa ya hatua hiyo ilikuwa melarsoprol, sindano ya mshipa yenye aseniki. Iliua takriban mgonjwa 1 kati ya kila 20 waliodungwa. Na bado, dawa iitwayo feksinidazoli ilikuwa imekwisha kubuniwa Ujerumani na kampuni ya Hoechst, ikaachwa miaka ya 1980 kabla ya kumfikia mgonjwa wa malale. Mgonjwa huyo ni mwanakijiji asiye na fedha. Dawa isiyo na mnunuzi haina wa kuihimiza.

Mwaka 2003 liliundwa shirika la DNDi, Geneva, kutafuta dawa za magonjwa yaliyopuuzwa. Miongoni mwa waasisi wake ni Madaktari Wasio na Mipaka, KEMRI ya Kenya, na taasisi nyingine za utafiti, za Brazil, India na Ufaransa. Mwaka 2005 waliifufua feksinidazoli, wakaungana na kampuni ya Sanofi, na majaribio yakafanyika katika hospitali za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Desemba 2018 Kongo iliidhinisha dawa hiyo. Mtu mzima humeza vidonge vitatu kwa siku nne, kisha viwili kwa siku sita, mara moja kwa siku, akiwa amekula. Aseniki haimo tena.

Kazi ya namna hii nyaraka nyingi huiita utafiti shirikishi. Neno hilo linatoka kwenye kushirikisha, kauli ya kutendesha: yupo mwenye shughuli, na wengine hualikwa ikishaanza. Kushirikiana ni kauli ya kutendana. Kila upande hutoa na kila upande huamua. Bila madaktari na wauguzi wa Kongo, wanaowajua wagonjwa na njia za kuwafikia, kidonge kile kisingethibitishwa. Uite utafiti wa ushirikiano, kisha tudai uwe hivyo kweli.

Jina la Wizara nalipenda kwa ule wakati uliopita, "yaliyokuwa". Ni ahadi, na kwa malale ahadi inatimia: hata aina ya Afrika Mashariki imejaribiwa kwa feksinidazoli nchini Malawi na Uganda. Lakini kwa wagonjwa wa kalazari, ugonjwa mwingine wa kundi hili, huko Baringo na Pokot Magharibi nchini Kenya, tiba ya kawaida imekuwa sindano za siku 17 mfululizo. Ahadi hiyo haijawafikia. Mpaka wapate kidonge chao, haki yao ni kuandikiwa neno linalouliza nani aliyewapuuza.