Rovu la Kivu na Tonge Lisilopita
Mtu anaposhindwa kumeza tonge la bugali, macho huenda kooni kwanza. Historia ya Kivu, mashariki mwa Kongo, inadai tutazame pia chungu na udongo. Miaka ya 1960 watafiti wa IRSAC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1947 yenye kituo Lwiro, walichunguza rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, kisiwani Idjwi katika Ziwa Kivu. Rovu likikua sana hubana umio, hata mlaji asukume kila tonge kwa maji. François Delange na wenzake walikuta jambo la ajabu: iodini ilikuwa pungufu kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini na kuwa haba kusini-magharibi. Sababu ya tofauti hiyo waliiona kwenye muhogo, ambao sumu yake isipoondolewa vizuri huzuia tezi kutumia iodini. Mafuta yenye iodini yalipojaribiwa kwa sindano, marovu yalipungua.

Atasema mtu kwamba Idjwi si Masisi wala Walikale, huku Kivu Kaskazini. Ni kweli, na namba za kisiwani hazihamishiki. Lakini mvua kubwa huosha iodini milimani kote, na muhogo huliwa Walikale vilevile. Anayekimbia vita hana siku za kuuloweka na kuuanika. Kwa hiyo rovu laweza kubana koo huku pia, na kifaa cha kuzoeza misuli ya kumeza, kinachomfaa aliyepooza kwa kiharusi, hakitafungua koo lililobanwa na rovu. Wanaotaka kukijaribu hapa waanze kwa kupapasa shingo ya mgonjwa na kumuuliza anapika nini, kwa chumvi gani.