Insomnia si kukesha

Mlinzi wa usiku, mama mwenye kichanga na mgonjwa wa insomnia wote hupambazukiwa na macho mazito. Kwa Kiswahili cha kila siku, wote wamekosa usingizi. Kwa daktari, wawili wa mwanzo wamekosa nafasi ya kulala. Wa tatu nafasi anayo, kitanda anacho, nyumba imetulia, na bado usingizi hauji.

Ndiyo maana tafsiri iliyozoeleka, "ukosefu wa usingizi", inapwaya. Kwa asili ya neno haina kosa: kwa Kilatini somnus ni usingizi, na in- ni kikanushi. Lakini DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliotoka mwaka 2013, unataka zaidi: mtu ashindwe kupata usingizi, au usingizi ukatikekatike usiku, au aamke mapema mno, angalau mara 3 kwa wiki kwa miezi 3, mchana wake uharibike, na yote hayo yatokee ilhali muda wa kulala upo. "Ugonjwa wa kukosa usingizi" ni refu, ila linakaribia. (Malale, linalovutia kwa ufupi, lina mwenyewe: ugonjwa wa mbung'o, ambao wagonjwa wake, ajabu, husinzia mchana na kukodoa macho usiku.)

Tofauti hii si ya wanakamusi tu. "Nenda kalale mapema" ni ushauri mzuri kwa mlinzi aliye mapumzikoni. Mgonjwa wa insomnia, ushauri huo humwongezea saa za kugaagaa. Akichoka hugeukia piritoni, dawa ya mzio ambayo kusinzisha ni athari yake tu, au pombe, inayomlaza haraka kisha ikamvurugia nusu ya pili ya usiku. Diazepamu nayo, kidonge cha kutuliza, huzoeleka mwilini, na kuiacha ghafla ni hatari.

Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani, American College of Physicians, kilipendekeza watu wazima waanze na tiba ya fikra na tabia kabla ya vidonge. Hatua yake moja huwashangaza wengi: anayelala saa 6 kati ya 9 anazokaa kitandani hupunguziwa muda, labda apande saa 6 usiku na kushuka saa 12 asubuhi, hadi usingizi ushikamane. Wiki za mwanzo husinzia sana, kwa hiyo dereva wa lori au mwenye kifafa asijijaribie peke yake.

Daktari pia atauliza kuhusu sonona, maumivu, dawa nyingine, na kama mgonjwa hukoroma hadi pumzi ikakatika. Huyo wa mwisho huenda hana insomnia kabisa, na baadhi ya vidonge vya usingizi vinaweza kuzidi kumbana pumzi.