Seva ya nyumbani: Taa na kufuli zatii hata intaneti ikipotea

Seva ya nyumbani ni tarakilishi ndogo, isiyozimwa usiku wala mchana, inayoongoza taa, kufuli na kamera bila kutegemea mitambo ya kampuni ya ng'ambo. Umuhimu wake ulidhihirika Mei 2016, kampuni ya Nest ilipofunga huduma ya Revolv na kuwaachia wateja vifaa visivyo na kazi. Mwaka uo huo, programu haramu ya Mirai iliteka kamera nyingi zilizokuwa bado na nywila za kiwandani. Ndiposa kamera hufaa kutengewa mtandao wake, mbali na tarakilishi za familia. Programu ya Home Assistant, iliyoanzishwa 2013 na Paulus Schoutsen, hupatikana bure na huendeshwa hata kwa Raspberry Pi. Ila umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu huweza kuharibika, hivyo betri ya akiba si anasa.