Nyumba ya Vitabu Wakati wa Maradhi



Tukitaja maktaba ya umma, wengi wetu hufikiria rafu, ukimya na vumbi. Lakini maradhi ya kuambukiza yalipozuka, nyumba hizo zilijaribiwa sawa na watu. Tuitazame historia hiyo kwa kifupi, kwa kuwa yatuonyesha ni nini maana ya kutumikia wengine wakati hofu inapotawala.

Mwaka 1895 mkutubi mmoja wa maktaba ya umma ya Omaha, nchini Marekani, alifariki kwa kifua kikuu. Uvumi ukaenea kwamba ameambukizwa na vitabu alivyovishika kila siku. Hofu ya namna hiyo ilienea Marekani na Uingereza: vitabu vilifukizwa dawa, na vingine vilivyotoka katika nyumba za wagonjwa vikachomwa moto. Mwaka 1907 sheria ya Uingereza ilimkataza mwenye maradhi ya kuambukiza kuazima kitabu cha maktaba ya umma, na mvunja sheria alitozwa faini. Nyuma ya hofu hiyo walikuwemo pia watu ambao hawakupendezwa na wazo lenyewe la kitabu kimoja kupita mikononi mwa tajiri na maskini. Hatimaye ilionekana kwamba wakutubi, walioshika vitabu hivyo kuliko wote, hawakuugua kuliko watu wengine. Na hofu ikapungua.

Swali lilelile lilirudi Machi 2020, ugonjwa wa Corona ulipotangazwa kuwa janga la dunia. Maktaba zikafungwa, na vitabu vilivyorudishwa vikatengwa siku kadhaa kabla ya kuazimwa tena. Je, maktaba iliyofunga milango yake yafaa nini?

Mji wa Toronto, huko Kanada, una maktaba yenye matawi 100. Wakati huo vituo vingi vya kugawia chakula cha msaada vilikuwa vimefungwa, na wenye njaa hawakuwa na pa kwenda. Baadhi ya matawi ya maktaba yakageuzwa kuwa vituo vya chakula, na wafanyakazi waliozoea kupanga vitabu wakapanga vyakula katika masanduku. Katika vitongoji vya Melbourne, Australia, wakutubi walichukua orodha ya wanachama wao wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wakawapigia simu maelfu yao, mmoja baada ya mwingine, kuwauliza hali na mahitaji yao. Daftari la waazimaji likawa njia ya kuwafikia wapweke.

Huko San Francisco, wakutubi walifundishwa kufuatilia waliokutana na wagonjwa, kazi ileile iliyofanywa Beni na Butembo wakati wa Ebola, kati ya mwaka 2018 na 2020. Sisi tunajua ugumu wake: anayeulizwa huogopa aibu, na uvumi hukimbia mbele ya ukweli. Mkutubi alikuwa na maandalizi ambayo hakuyadhania. Amezoea kumsikiliza mtu asiyejua aulize nini, kutafuta habari iliyo sahihi, na kutomtangaza msomaji kwa kile alichosoma.

Tusifiche hasara iliyokuwepo. Kwa mtu asiye na makao, maktaba ilikuwa kivuli, kiti na maji. Kwa mwanafunzi asiye na kompyuta, ilikuwa darasa. Maktaba nyingi za Marekani ziliacha intaneti yao ikiwaka ili watu waitumie wakiwa nje, uwanjani. Lakini mtu aliyeketi nje ya mlango uliofungwa bado yuko nje. Wema wa siku zile haukuziba pengo lote.

Hata hivyo, tunaona tofauti kati ya nyakati hizi mbili. Katika enzi ya Omaha, watu walijiuliza jinsi ya kujikinga na kitabu kilichotoka kwa mgonjwa. Mwaka 2020 walijikinga pia, na ilifaa. Lakini wengine waliongeza swali la pili: huyu aliyezoea kuja kwetu, sasa yuko wapi, na anakula nini?

Vikundi vyetu navyo vina madaftari ya majina. Inafaa tuyafungue kabla maradhi hayajaja, tujue ni nani anayeishi peke yake, na ni nani atakayemfikia.