Ukarabati wa mabomba ya mafuriko bila kuchimba barabara: Maisha ya fundi yalindwe kwanza

KALVATI moja ikibomoka katika barabara ya Banissa, wakazi wanaweza kukaa siku kadhaa bila kufika hospitalini, sokoni au shuleni. Kwa sababu hiyo, mbinu za kukarabati mabomba yanayopitisha maji ya mvua chini ya barabara, bila kuichimba barabara yenyewe, zina manufaa makubwa katika eneo la Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Hata hivyo, mbinu hizo zina hatari zake, na anayekabiliwa nazo kwanza ni fundi anayeingia ndani ya bomba.

Banissa iko katika Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Kenya na Ethiopia. Kaunti hiyo ni kame, na kwa wastani hupata takriban milimita 255 za mvua kwa mwaka. Mvua hiyo hunyesha katika misimu miwili: kati ya Machi na Mei, msimu ambao Wasomali huuita Gu, na kati ya Oktoba na Desemba, ambao huitwa Deyr. Inaponyesha, huja kwa kishindo. Ardhi ngumu haiwezi kuyanywa maji yote kwa wakati mmoja, nayo hukimbilia katika mikondo ya msimu inayojulikana kama laga.

Barabara zinazotoka Banissa kuelekea Takaba na Rhamu zinakatiza mikondo ya aina hiyo. Mahali ambapo hakuna daraja, maji hupita juu ya barabara au ndani ya kalvati, yaani mabomba ya zege au ya mabati yenye mikunjo yaliyofukiwa chini yake.

Jinsi bomba linavyoharibika

Uharibifu huanza mahali pasipoonekana. Mchanga na mawe yanayosukumwa na maji husugua sakafu ya bomba. Bomba la mabati hupoteza ngozi yake ya kuzuia kutu, kisha hutoboka. Bomba la zege huachana kwenye maungio. Maji hupenya katika matundu hayo na kuchukua udongo unaolizunguka bomba, kidogo kidogo, hadi pango linatokea chini ya barabara. Juu, barabara huonekana nzima. Siku lori lenye mzigo linapopita, ardhi hudidimia.

Hatari nyingine ni kuziba. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliyavamia makazi ya watu karibu na Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, na kuwaua zaidi ya watu 40. Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, baada ya njia ya maji iliyo chini ya reli kuzibwa na udongo, mawe na miti. Tuta liliposhindwa kuhimili uzito huo, maji yalifyatuka kwa ghafla.

Barabara ikikatika, wananchi hujitafutia njia nyingine, nazo huwa za hatari. Aprili hiyo hiyo, mafuriko ya Mto Tana yalifunika barabara ya kutoka Garissa kwenda Nairobi, na mashua iliyokuwa ikivusha abiria katika eneo la Mororo ilizama. Baadhi ya abiria walifariki.

Mbinu za kukarabati

Kwa desturi, bomba lililoharibika hufukuliwa na kuwekwa jipya. Kazi hiyo hufunga barabara, na mahandaki marefu yanaweza kuporomoka na kuwafukia wafanyakazi. Mbinu zisizohitaji kuchimba hupunguza matatizo hayo mawili. Zilizo muhimu zaidi ni hizi.

Ya kwanza ni kuvalisha bomba kitambaa. Kitambaa kizito kilicholowekwa resini huingizwa ndani ya bomba kuukuu, kisha husukumwa kwa hewa au maji hadi kikashikana na kuta zake. Halafu resini hugandishwa kwa maji moto, mvuke au mwanga wa urujuanimno, na bomba jipya hupatikana ndani ya lile la zamani. Mhandisi Mwingereza Eric Wood aliitumia mbinu hii kwa mara ya kwanza mwaka 1971, katika bomba la majitaka mashariki mwa London. Leo hutumika katika miji mingi duniani.

Ya pili ni kuingiza bomba jembamba la plastiki ndani ya bomba pana. Nafasi inayobaki katikati hujazwa uji wa saruji. Kazi hii inahitaji uangalifu, kwa kuwa plastiki ni nyepesi na inaweza kuelea juu ya uji huo. Lazima bomba lifungwe imara na uji umwagwe kwa awamu.

Ya tatu hutumika pale ambapo sakafu pekee ndiyo iliyoliwa na kutu. Zege yenye nondo humwagwa chini ya bomba, nayo sehemu ya juu huachwa ilivyo.

Kwa Banissa, mbinu ya pili na ya tatu ndizo zinazofaa zaidi. Kalvati za barabarani ni fupi, zina midomo iliyo wazi pande zote mbili, na vifaa vinavyohitajika husafirishika kwa lori la kawaida. Uvalishaji wa kitambaa unahitaji mitambo maalum, na resini nyingi hazina budi kuhifadhiwa kwenye baridi ili zisigande kabla ya wakati. Katika joto la Mandera, sharti hilo ni zito.

Kuna hesabu moja isiyopaswa kusahaulika. Bomba la kipenyo cha milimita 1,200 likiwekewa jingine la milimita 1,000 ndani yake, upana wa njia ya maji hupungua. Plastiki ni laini kuliko mabati yenye mikunjo, hivyo maji hukimbia kwa kasi zaidi ndani yake. Lakini katika kalvati fupi, kiasi cha maji kinachopita hutegemea zaidi mdomo wa kuingilia, na hasara yaweza kufika zaidi ya thuluthi moja. Mhandisi asipolipima jambo hilo mapema, kalvati iliyokarabatiwa itasababisha mafuriko upande wa juu.

Hatari kwa mfanyakazi

Hatari ya kwanza ni hewa. Katika bomba lililoziba, uchafu unaooza hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo inapozidi hulemaza uwezo wa kunusa, na fundi akadhani imekwisha. Kwa hiyo pua si kipimo. Hewa ya kawaida ina oksijeni ya asilimia 20.9, ikiwa chini ya asilimia 19.5, mtu asiingie.

Hatari ya pili ni kemikali. Resini nyingi zina stireni, ambayo huwasha macho na kusababisha kizunguzungu. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani walibaini kwamba moshi mweupe unaotoka wakati wa kugandisha kwa mvuke si mvuke wa maji pekee, bali umechanganyika na kemikali mbalimbali. Mwaka huo huo mfanyakazi kijana alifariki ndani ya bomba lililokuwa likikarabatiwa kwa mbinu hiyo huko Streamwood, jimbo la Illinois.

Hatari ya tatu ndiyo kubwa zaidi Banissa: maji ya ghafla. Mvua inaweza kunyesha mbali, hata ng'ambo ya mpaka, na laga ikajaa chini ya anga lisilo na wingu. Maji ya kina cha sentimita 15 yaendayo kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima. Aliye ndani ya bomba hana pa kukimbilia.

Masharti ya kuzingatiwa

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wanaoingia mahali finyu penye hewa hatari. Katika kazi ya kalvati, hatua za msingi ni hizi:

- Bomba likaguliwe kwanza kwa kamera, ili mtu asiingie pasipo lazima.

- Hewa ipimwe kwa kifaa kabla ya kuingia na wakati wote wa kazi.

- Anayeingia avae mshipi wenye kamba, na mwenzake abaki nje akimwangalia.

- Mwenzake aliye nje asimfuate ndani bila vifaa vya kupumulia. Mara nyingi mwokoaji huwa maiti wa pili.

- Mlinzi mwenye simu au redio awekwe upande wa juu wa laga, na utabiri wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ufuatwe kila siku.

- Wapita njia na wachungaji wazuiwe kukaribia, hasa resini inapotumika.

Wakati ufaao kwa kazi hizi ni Januari na Februari, au kati ya Juni na Septemba, laga zinapokuwa kavu. Kandarasi inayotolewa Oktoba humlazimu fundi kushindana na Deyr.

Wakazi nao wana sehemu yao. Ufa unaovuka barabara, shimo dogo linalorudi kila linapofukiwa, au maji yanayotoka kando ya kalvati badala ya mdomoni, ni dalili kwamba udongo umeanza kuliwa chini. Anayeziona dalili hizo aarifu ofisi ya wadi au ya barabara katika kaunti mapema, kabla ya mvua kuanza.