Reli ya Arusha, na Sababu ya Garimoshi Kuyumba

Wasikilizaji wetu, mtu aliyepata kusafiri kwa garimoshi kutoka Moshi kwenda Arusha anajua kwamba behewa haliendi kimya kama maji mferejini. Huyumba kushoto na kulia, hugonga, na mara huinama upande mmoja kana kwamba limechoka. Wengi husema ni uzee wa mabehewa, au ni ukali wa dereva. Lakini sababu kubwa ni mbili: umbo la gurudumu na hali ya njia. Asiyezijua hizo hataielewa vema historia ya reli hii.

Wadachi, yaani Wajerumani, walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Kazi ilikwenda polepole mno. Mwaka 1896 ilifika Muheza, kisha fedha za kampuni zikapungua, hata mwaka 1899 Serikali yao ikaichukua. Mombo ilifikiwa mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911, yapata maili 219 kutoka pwani. Upana baina ya reli mbili ni mita 1. Mataruma yaliyolazwa chini yake yalikuwa ya chuma, kwa kuwa mchwa wa nchi hii hawauachi mti. Katika vita ya 1914 hadi 1918 Wadachi waliporudi nyuma walivunja njia na madaraja, nao Waingereza wakaleta reli nyingine kwa haraka kutoka Voi, ikaungana na hii Kahe mwaka 1916. Arusha ilingoja mpaka mwaka 1929. Kipande hicho cha Moshi hadi Arusha, maili 53 hivi, huvuka mito itokayo Kilimanjaro na Meru, na hupanda karibu mita 600.

Sasa tulitazame gurudumu. Uso wake si sawasawa kama wa gurudumu la mkokoteni. Umechongwa kwa mteremko, mnene upande wa ndani na mwembamba upande wa nje, mfano wa pia iliyokatwa ncha. Tena magurudumu mawili hukazwa katika ekseli moja, yakazunguka pamoja. Jozi ikisogea kidogo kuume, gurudumu la kuume hukanyaga reli kwa unene wake, na la kushoto kwa wembamba wake. Basi la kuume huenda mbali zaidi kwa mzunguko ule ule, na jozi hurudi katikati. Ila haitulii hapo. Hupita, ikaenda kushoto, ikarudishwa tena. Mjerumani mmoja, Klingel, alilihesabu jambo hili mwaka 1883. Kwa kanuni yake, katika reli ya mita 1, gurudumu la kimo cha sentimita 80 lenye mteremko wa 1 kwa 20 hufanya wimbi la mita 13 hivi. Mwendo haubadili urefu wa wimbi, bali huzidisha idadi ya mawimbi kwa dakika. Kwa hiyo gari la polepole huyumba kwa upole, na likikimbia kupita kiasi magurudumu huanza kuzipiga reli kwa kingo zake. Ule ukingo wa gurudumu, ambao watu hudhani ndio uongozao gari siku zote, katika njia iliyonyoka ni mlinzi wa mwisho tu.

Njia nayo ina kasoro zake. Reli ziliungwa kipande kwa kipande, ikaachwa nafasi ndogo katikati, ili chuma kikirefuka kwa jua kisipindike. Gurudumu likipita penye kiungo hugonga. Taruma hushindiliwa chini, kokoto husagika, maji ya mvua hukaa, udongo hulainika. Gurudumu la pili huanguka chini zaidi kuliko la kwanza. Kasoro ya unene wa kidole huongezeka yenyewe.

Mbaya kuliko zote ni njia iliyopotoka, yaani reli ya kuume imezama hapa, na ya kushoto imezama hatua chache mbele. Weka meza ya miguu minne juu ya sakafu mbovu: mguu mmoja utaning'inia. Ndivyo behewa lifanyavyo. Gurudumu lililopungukiwa na uzito, likisukumwa kwa ubavu, laweza kuupandisha ukingo wake juu ya reli, na gari likaanguka. Mfaransa Nadal aliandika kanuni ya hatari hiyo mwaka 1896, mwaka ule ule reli ilipofika Muheza.

Waliozuia maafa hayo ni watu wa gangi na wanyapara wao. Walikwenda kwa miguu, wakainama kuitazama reli kwa jicho moja, wakapima upana kwa fimbo ya chuma, wakainua taruma kwa mtaimbo na kushindilia kokoto chini yake. Abiria hawakuyajua majina yao. Nami naona kazi yao ni kubwa kuliko ya dereva, maana yeye huweza kupunguza mwendo tu, hawezi kuinyosha njia.

Mwaka 1963 reli hii iliungwa na ile ya Dar es Salaam, kutoka Mnyusi hadi Ruvu. Baadaye matengenezo yalipungua, treni ya abiria ya Arusha ikakoma kwa miaka kama 30, na vichaka vikaota kati ya reli. Oktoba 2020 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliingia Arusha tena, baada ya njia kufyekwa, mataruma yaliyoharibika kubadilishwa, na kokoto kushindiliwa upya.