Chungu cha Samaki na Wageni Wake

Ndugu msikilizaji, jioni ikiingia pita kidogo mitaa ya Makorora hapa Tanga. Utasikia mbuzi za kukunia nazi zikikwaruza nyuma ya nyumba, na harufu ya kitunguu itakupokea kabla hujabisha hodi. Watu wamerudi kazini wamechoka, watoto wana njaa, na swali katika kila nyumba ni lile lile: leo tunakula nini? Nyama inataka muda. Maharage ndiyo usiseme. Samaki ni nusu saa tu, basi.

Hebu tuingie jikoni. Una changu wawili wa kadiri. Umewapara magamba, umewatoa matumbo, umewakata vipande, umewatia chumvi na ndimu. Unakaanga kitunguu na thomu kidogo, unatia nyanya mbili na bizari, kisha tui jepesi. Likianza kuchemka unapanga samaki wako, unatia ukwaju uliokwisha kuuroweka na kuuchuja, na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Hapo hukorogi kwa mwiko, unatikisa sufuria. Mwisho unamimina tui zito, unaliacha litokote mara moja tu lisije likakatika, unaepua. Wali ukiwa tayari, mmekwisha kula kabla ya taarifa ya habari.

Ukimuuliza mpishi, atakwambia hiki ni chakula cha mababu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Juma hili nataka tukifunue chungu hiki, tutoe viungo kimoja kimoja kwa kufuata walivyoingia, tuone mwenyeji ni nani na wageni ni akina nani.

Tuanze na wageni wa karibu. Pilipili mbichi na nyanya asili yao ni Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, hakuna mpishi wa pwani hii aliyepata kuziona. Walioanza kuzisambaza pilipili hizo katika Bahari ya Hindi ni Wareno. Na Wareno hao Tanga inawajua toka siku za mwanzo kabisa. Mwezi wa Aprili 1498, jahazi mojawapo la Vasco da Gama, São Rafael, lilipanda mwamba mbele ya Mtangata, huko upande wa Tongoni, kusini mwa mji wetu. Wenyeji walikwenda na mitumbwi yao, mmoja umejaa machungwa, na mwandishi wa safari ile akaandika kwamba yalikuwa bora kuliko ya kwao Ureno. Watu wa Muheza wasikie hayo! Jahazi lile lilijinasua, lakini Januari 1499, wakati wa kurudi, mabaharia walikuwa wamepungua kwa maradhi. Wakalichoma moto hapo hapo Mtangata.

Basi toa nyanya, toa pilipili. Na ugali ukae pembeni pia, uwe wa mahindi au wa muhogo, maana yote miwili ni mimea ya Amerika.

Turudi nyuma zaidi. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita pwani hii akielekea Kilwa. Mogadishu alikaribishwa wali wenye samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa, kwa jirani zetu hapa, aliandika kwamba chakula cha watu kwa sehemu kubwa ni ndizi na samaki. Ona basi: karibu miaka 700 iliyopita, jirani zetu walikuwa wakila samaki kama sisi, na ndimu ilikwisha kufika. Lakini ndimu nayo ni mgeni, kama walivyo mchele wa wali ule, tangawizi, bizari na mnazi wenyewe. Vyote vililetwa na pepo za kaskazi na watu waliovuka bahari. Toa ndimu, toa bizari, toa tui.

Kimebaki nini chunguni? Samaki, maji, chumvi na ukwaju. Ukwaju jina lake kwa Kiarabu ni tende ya Kihindi, lakini mti wenyewe ni wa Afrika, mwenyeji halisi. Na mchuzi huo uliobaki tunaujua sana, tunauita chukuchuku. Mgonjwa hupewa, mzazi hupewa, na asiyejua kupika kabisa anauweza.

Huyo samaki naye ana historia ndefu kuliko viungo vyote. Miaka karibu 2,000 iliyopita, mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki kutoka Misri aliandika habari za kisiwa cha pwani hii, ambacho wataalamu wanadhani ni Pemba, Unguja au Mafia. Alisema watu wake wana mitumbwi ya gogo moja na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na wanatega vikapu vya kusuka kwenye milango ya maji katikati ya miamba. Mzee yeyote wa Kigombe au Sahare akisomewa maneno hayo atakwambia mara moja: hayo ni madema. Dema hutegwa, samaki huingia mwenyewe, mdogo hupenya akatoka. Chombo hicho kimewalisha watu muda wote huo, na mwamba ukabaki mwamba.

Sasa, ndugu msikilizaji, nije kwenye jambo lililonifanya nikifunue chungu hiki. Kuanzia miaka ya 1960 pwani yetu ilipata mgeni mwingine, baruti. Ilikusudiwa kupasulia mawe, ikaishia baharini. Tulipokuwa watoto tulisikia mshindo kwa mbali asubuhi kama radi ya kiangazi, na wakubwa kwenye baraza wakasema, "Wameshapiga." Jioni vibua vilikuwa rahisi. Nyumbani kwetu tulivinunua. Mama yangu alikuwa akivishika na kutikisa kichwa, "Mwanangu, samaki huyu hana mifupa," kisha akawasha jiko. Alijua. Na sisi tuliokula tulijua.

Maana samaki wa baruti hajifichi kwa mpishi. Mnofu umelegea, uti wa mgongo umevunjika, tumboni damu imevilia, na ukimtia chunguni anavurugika akawa uji. Mlipuko mmoja huua mkubwa na kifaranga pamoja, wengi huzama wasiokotwe, na matumbawe yaliyovunjika huchukua miongo kupona.

Sheria ya mwaka 1970 ilikataza, na ya 2003 ikakataza tena. Mwaka 1994 ulianza mpango wa hifadhi ya mwambao wa Tanga, vijiji kama Kigombe na Kipumbwi vikashirikishwa kulinda miamba yao, doria zikafanyika, na mishindo ikapungua sana. Doria zilipolegea, miaka ya 2000, baruti ilirudi. Ilihitaji operesheni kali za vyombo mbalimbali vya serikali, kuanzia katikati ya miaka ya 2010, ndipo ikapungua tena. Funzo lake ni hili: mlinzi akisinzia, baruti hurudi, kwa sababu mnunuzi yupo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pilipili ilikuja, chungu kikanoga. Nyanya ilikuja, ikakaa na wenzake. Baruti imekuja kumuua mwenyeji mwenyewe. Ukikosa nyanya utapika chukuchuku. Ukikosa samaki utapika ukwaju na chumvi?

Basi kesho ukienda Deep Sea au soko la Makorora, usimwangalie samaki macho peke yake. Mbonyeze mnofu, uone kama unarudi. Muombe muuzaji ampasue mbele yako. Ukiona uti umevunjika na damu imejaa tumboni, mrudishe kwenye meza, hata kama bei yake inakupendeza. Chukua wa mshipi au wa dema, japo mmoja mdogo, umpike mchuzi mwingi. Nusu saa inatosha.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.